Jinsi ya kupima afya ya daraja la zege bila kulibomoa: mwongozo kamili kwa mafundi wa Bukavu

Kila kiangazi napata picha zilezile. Kijana amesimama chini ya daraja, sklerometa (chombo cha kugonga zege na kupima ugumu wake) mkononi, amegonga pale mkono ulipofika, kisha ananiandikia: "Papa Injinia, nimepata 38, daraja ni zima?" Siwezi kumjibu. 38 ya wapi? Juu ya krepi (lipu ya nje) au juu ya zege lenyewe? Chombo kilielekea juu au kando? Zege lilikuwa limelowa? Na kabla ya kugonga, aliona nini?

Nimeupanga mwongozo huu kwa mfuatano ambao kazi yenyewe inautaka, kwa sababu kosa linalorudiwa ni kuanza na chombo. Kila chombo kina swali moja tu kinachoweza kujibu. Macho, nyundo na ramani ndivyo vinavyokuonyesha swali hilo liko wapi.

Hapa kwetu tunasema beto na fero. Nitaandika zege na nondo, ni vitu vilevile.

## Vitu vya kuandaa

Karatasi kwanza. Barabara za kitaifa ziko chini ya Office des Routes, za mjini chini ya Office des Voiries et Drainage. Pata barua ya kazi yenye muhuri, kisha upite kwa mkuu wa mtaa ukajitambulishe. Mtu anayepiga picha chini ya daraja bila karatasi atamaliza siku nzima akijieleza.

Vya bei ndogo:
- nyundo ya fundi ya gramu 500 hivi, na mnyororo mzito wa kuburuta
- chaki, kopo la rangi, mita, tochi, brashi ya waya, jiwe la kusugulia
- kadi ya kupimia upana wa nyufa
- fito ndefu ya kupimia kina cha maji, kamba, mabuti, helmeti
- plasta kidogo na maji safi
- fenolftaleini ya asilimia 1 iliyoyeyushwa katika etanoli, ndani ya chupa ya kupulizia

Vya bei kubwa, ambavyo unaweza kuazima au kukodi:
- sklerometa ya aina N, pamoja na chuma chake cha kuihakikisha
- pakometa, ya kutafuta nondo ndani ya zege
- kipima mwendo wa sauti chenye vichwa viwili vya kilohezi 54, na grisi au jeli
- elektrodi ya shaba na salfeti ya shaba, voltimeta nzuri, na waya mrefu

Ukikosa orodha ya pili, fanya kazi na ya kwanza. Mafundi wenye nyundo na chaki wamenionyesha maradhi mengi ya madaraja kuliko wenye masanduku ya vyombo.

Wakati. Chagua Juni hadi Agosti. Mito iko chini, zege limekauka, na misingi inaonekana. Hata hivyo, vijito vinavyoshuka kwenye milima yetu hupanda ghafla: mvua inaweza kunyesha juu huko nawe uko juani. Maji yakigeuka rangi ya udongo mwekundu, acha kila kitu, kisha panda ukingoni. Usirudi kuchukua hata chombo.

## Hatua ya 1: Soma mto kabla ya zege

Hakuna chombo katika orodha hii kinachoona udongo chini ya nguzo. Duniani kote, maji yanayochimba misingi ni miongoni mwa sababu kubwa za madaraja kuanguka, na wengi wetu tuliona jinsi mafuriko ya Mei 2023 kule Kalehe yalivyobeba mawe makubwa na vijiji vyake.

Zungusha fito kuzunguka kila nguzo na kila ukuta wa kingoni. Pima kina kila nusu mita, uandike. Tafuta mahali fito inapoingia chini ya msingi. Angalia kama mto umehama na sasa unapiga ukuta mmoja kwa ubavu. Angalia pia uchafu: chupa za plastiki, magogo na matope yaliyobana njia ya maji. Kwenye mto kama Kawa, ambako nyumba zimesogea hadi majini, daraja lenye zege zuri linaweza kuzibwa na takataka hadi maji yatafute njia pembeni na kuchimba barabara.

Imefanikiwa ukiwa na mchoro wa kitanda cha mto wenye vipimo, ambao mtu mwingine anaweza kuulinganisha mwaka ujao. Ukikuta msingi unaning'inia, usiendelee na sklerometa. Piga simu.

## Hatua ya 2: Chora ramani

Chora daraja kutoka chini, kutoka juu na kutoka pande zote mbili. Ipe kila boriti, kila nguzo na kila sehemu ya sakafu namba yake. Hesabu daima kutoka upande mmoja, kwa mfano upande wa mjini, na uuandike juu ya karatasi. Kisha chora kwa chaki miraba ya nusu mita kwenye sehemu utakazopima.

Kazi hii inachosha, na ndiyo maana vijana huiruka. Bila ramani, vipimo vyako 200 ni orodha ya namba zisizo na kwao.

## Hatua ya 3: Macho na nyufa

Tafuta mambo manne: nyufa, madoa ya kutu, alama nyeupe za chokaa, na maji yanapovuja. Anza kwenye maungio na mifereji ya sakafu, kwa sababu ugonjwa mwingi wa boriti unaanzia juu, mahali mfereji ulipoziba na maji yakapata njia yake.

Mwelekeo wa ufa unaeleza zaidi kuliko upana wake:

- Ufa wima katikati ya boriti, mwembamba: boriti inapinda chini ya mzigo. Kwa zege la nondo za kawaida hilo hutarajiwa, mradi usipite milimita 0.3 hivi.
- Ufa wa mshazari karibu na mahali boriti inapoegemea: hatari. Simama uutazame Fuso likipita. Ukifunguka na kujifunga, toa taarifa siku hiyohiyo.
- Ufa unaofuata nondo kwa urefu, wenye doa la kahawia: kutu inavimba ndani.
- Ufa kama ramani ya vijito, kila upande: zege lenyewe lina shida, labda lilikauka haraka mno, labda mawe yake yanapambana na sementi.

Uliza wazee wa hapo. Tetemeko la 3 Februari 2008, la ukubwa wa 5.9, liliacha nyufa nyingi katika mji huu. Mama anayeuza ndizi kwenye kichwa cha daraja anaweza kukuambia kama ufa ule ulikuwapo kabla ya tetemeko hilo.

Pima upana kwa kadi, andika tarehe pembeni ya ufa, weka alama mwisho wake ulipofika.

## Hatua ya 4: Nyundo na sikio

Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kupita vyote kwa bei yake, na ndicho vijana wanachokidharau.

Gonga taratibu, kila sentimita 20. Zege zima hujibu kwa sauti kali, fupi: ngo, ngo. Nyundo inakuruka mkononi. Zege lililoachana na nondo zake hujibu kwa sauti nzito ya tumbo tupu: pu, pu. Nyundo hairuki, inakaa.

Ukisikia pu, usiweke alama na kupita. Rudi nyuma mpaka usikie ngo tena, weka nukta ya chaki. Fanya hivyo pande zote nne, unganisha nukta. Sasa una ramani ya jeraha. Nakumbuka ubavu wa boriti moja uliokuwa safi kabisa, umepakwa chokaa, hauna hata ufa. Sauti iligeuka kwa eneo la ukubwa wa mlango. Tulipobandua kwa ncha ya nyundo, gamba la unene wa vidole viwili lilitoka zima, na nyuma yake nondo zilikuwa zimebaki kama miti iliyoliwa na mchwa.

Juu ya sakafu ya daraja, buruta mnyororo na usikilize vilevile. Fanya alfajiri, kabla ya motari na malori kuanza, maana katikati ya kelele husikii chochote.

Onyo: usisimame chini kabisa ya sehemu unayoigonga. Gamba la zege lina kilo nyingi.

## Hatua ya 5: Pakometa

Pitisha chombo polepole kwa kukata njia ya nondo, kisha kwa kuifuata. Chora kila nondo kwa chaki na uandike unene wa zege linaloifunika.

Kuna sababu mbili. Ya kwanza, unahitaji unene huo katika hatua ya 8. Ya pili, vipimo vya hatua ya 6 na ya 7 havitakiwi kufanyika juu ya nondo. Nondo zikibanana sana, chombo kinaziona kama moja kubwa na kinakudanganya kuhusu kina. Hapo hakikisha kwa kutoboa tundu dogo moja.

## Hatua ya 6: Sklerometa, mahali wengi wanaposhindwa

Sklerometa inapima kitu kimoja: ugumu wa sentimita chache za juu. Haioni moyo wa boriti.

1. Hakikisha chombo. Kigonge kwenye chuma chake. Kwa aina N kinapaswa kusoma 80, ukiongeza au kupunguza 2. Kikisoma 74, kisafishe au kirudishe. Usijaribu kurekebisha kwa hesabu.

2. Ondoa krepi. Krepi, rangi na chokaa vyote vitoke. Sugua kwa jiwe mpaka uone zege lenyewe, laini na kavu. Zege lililolowa linasoma chini kuliko lilivyo.

3. Chagua eneo la sentimita 30 kwa 30, lisilo na ufa, lisilo juu ya nondo iliyo karibu, na ambalo nyundo ya hatua ya 4 ilisema ngo. Sehemu iwe na unene wa sentimita 10 au zaidi.

4. Gonga mara 10, kila pigo likiwa milimita 25 au zaidi kutoka lingine na kutoka ukingoni. Kishike kwa pembe mraba na uso wa zege, sukuma polepole. Ukiona pigo limevunja tundu, lifute.

5. Safisha namba. Mfano: 38, 41, 37, 40, 39, 42, 38, 40, 55, 39. Wastani ni karibu 41. Ile 55 imeachana na wastani kwa zaidi ya 6, umegonga jiwe. Itoe, wastani unakuwa 39. Zikitoka zaidi ya mbili, tupa eneo zima na uanze kando yake.

6. Andika mwelekeo. Ukigonga kuelekea juu, chini ya sakafu, uzito wa nyundo unasaidia kurudi na namba inapanda. Ukigonga kuelekea chini, inashuka. Kila mwelekeo una marekebisho yake kwenye kitabu cha chombo.

Sasa lile kosa linaloumiza. Kwenye chombo kuna grafu ya kugeuza namba kuwa megapaskali, yaani nguvu ya zege. Grafu hiyo ilitengenezwa kwa zege la kwao waliounda chombo, kwa mawe yao, nalo likiwa changa. Zege letu lina mawe ya basalti yaliyopondwa kwa mikono. Goma wana mawe ya lava yenye matundu. Tena grafu nyingi ni za zege lililovunjwa maabara likiwa mchemraba, wakati wahandisi wetu waliosoma kwa Kifaransa wanahesabu kwa silinda, na silinda ya zege lilelile huvunjika kwa karibu asilimia 80 tu ya mchemraba.

Zaidi ya hayo, zege la miaka mingi limeota ngozi ngumu kwa kunywa hewa ukaa. Nilipokuwa kijana nilipata wastani wa 46 kwenye daraja la zamani nikaandika kuwa ni imara. Baadaye walikata kipande cha silinda kutoka ndani ya zege hilo, kikavunjika kwenye megapaskali 18. Malori yalikuwa yameendelea kupita kwa maneno yangu. Tangu siku hiyo siandiki megapaskali kutoka sklerometa peke yake.

Basi inafaa nini? Kulinganisha. Boriti namba 3 ikisoma 29 na zenzake zote 40, umepata mahali pa kuchimbua zaidi.

Imefanikiwa ukiwa na ramani ya namba, inayoonyesha wapi ni sawa na wapi ni tofauti.

## Hatua ya 7: Mwendo wa sauti

Chombo hiki kinatuma sauti isiyosikika kutoka kichwa kimoja hadi kingine na kupima muda. Hapa ndipo unapouona moyo wa zege.

Paka grisi kwenye vichwa, viweke vikitazamana pande mbili za boriti, ubonyeze mpaka namba itulie. Gawanya umbali kwa muda. Boriti ya milimita 300 na muda wa mikrosekunde 71 inatoa kilomita 4.2 kwa sekunde. Boriti hiyohiyo, mita moja mbele, ikitoa mikrosekunde 108, ni 2.8: kuna utupu, mapengo au mipasuko ndani.

Kwa makadirio, zaidi ya 4.5 ni zuri sana, 3.5 hadi 4.5 ni zuri, 3.0 hadi 3.5 lina mashaka, chini ya 3.0 ni bovu. Unyevu na nondo huongeza mwendo, kwa hiyo kaa mbali na nondo ulizochora.

Unaweza pia kukadiria kina cha ufa. Weka kila kichwa milimita 150 kutoka kwenye ufa, soma muda. Kisha rudia umbali uleule wa milimita 300 mahali pazima. Tuseme ni mikrosekunde 100 na 75. Gawanya 100 kwa 75, zidisha jibu kwa lenyewe, toa 1, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 150. Unapata milimita 132 hivi. Ufa wenye maji ndani unaharibu hesabu hii kabisa, kwa sababu sauti inavuka kwenye maji.

## Hatua ya 8: Fenolftaleini

Zege jipya linailinda nondo kwa ukali wake wa kibesi, yaani alkali. Hewa ukaa inaumaliza ulinzi huo kutoka nje kwenda ndani. Kwetu, mbali na bahari na chumvi yake, huu ndio mlango mkubwa wa kutu.

Vunja kona ndogo au tundu, pulizia vumbi litoke, nyunyiza dawa papo hapo. Sehemu inayogeuka waridi kali bado ina ulinzi. Isiyobadilika rangi imekwisha. Pima kina cha isiyobadilika. Uso uliovunjwa jana haufai, na vumbi kutoka ndani likipaka nje litakupotosha.

Mfano: daraja la miaka 25, kina milimita 20. Kina huenda kwa kipeuo cha pili cha miaka, na kipeuo cha pili cha 25 ni 5; gawanya 20 kwa 5, hivyo kiwango ni 4. Nondo zikifunikwa na milimita 30, gawanya 30 kwa 4, upate 7.5, zidisha kwa yenyewe: miaka 56. Bado 31. Lakini pale ambapo pakometa ilionyesha milimita 15 tu, ulinzi ulishakwisha na kutu inaweza kuwa imeanza.

## Hatua ya 9: Milivolti za kutu

Bandua zege mpaka nondo moja ionekane, iunganishe kwa waya na voltimeta, na elektrodi upande wake wa pili, hakikisha nondo nyingine zimeshikana nayo. Lowesha zege kidogo, pitisha elektrodi kwenye miraba yako.

Juu ya −200 milivolti, uwezekano wa kutokuwa na kutu hai ni asilimia 90. Chini ya −350, uwezekano wa kutu hai ni asilimia 90. Kati yake huwezi kusema. Tazama pia mabadiliko: miraba miwili jirani ikitofautiana kwa 100 au zaidi, hapo pana jambo.

Onyo: sehemu ya nguzo iliyo ndani ya maji husoma chini sana kwa kukosa oksijeni, hata bila kutu. Usiihukumu kwa namba hiyo.

## Hatua ya 10: Silinda chache, mahali ulipopachagua

Sasa ndipo namba za sklerometa na za mwendo wa sauti zinapata maana. Chagua mahali pazuri, pa kati na pabaya kwenye ramani yako. Toa silinda ya milimita 100 kila mahali, kati ya nondo, mbali na nyaya zilizovutwa (nyaya za chuma zilizokazwa ndani ya zege ili kulibana) kama daraja linazo. Kata waya mmoja wa namna hiyo na umelijeruhi daraja kuliko miaka 50 ya mvua. Ziba tundu siku ileile kwa chokaa ya sementi isiyosinyaa.

Silinda zikivunjwa maabara, chora grafu yako mwenyewe ya zege hili, ndipo namba nyingine zote zigeuzwe kwa kufuata hiyo.

## Hatua ya 11: Ripoti na shahidi

Weka ramani zote juu ya nyingine. Mahali ambapo sauti ya nyundo, mwendo wa sauti na milivolti vinasema jambo moja, andika bila kusita. Vikipingana, andika kwamba vinapingana, na kipimo gani kirudiwe.

Usisubiri ripoti kwa mambo haya: sakafu imebonyea, nondo zimekatika, ufa wa mshazari unafunguka chini ya lori, nguzo imechimbwa chini. Omba malori yasimamishwe leo. Wenye Fuso watakasirika, na mizigo ya soko itachelewa. Simama hapohapo na barua yako.

Kwa nyufa zilizobaki na mashaka, weka shahidi wa plasta: paka kibandiko chembamba kukatiza ufa, mahali pasipopigwa na maji, uchore tarehe ikiwa bado mbichi. Rudi mvua za Septemba zikianza, kisha tena zikiisha Mei. Akiwa amepasuka, ufa unatembea. Pima pengo, rudia mwendo wa sauti. Akiwa mzima, mpanguse vumbi na uandike tarehe ya pili chini ya ile ya kwanza.